Kitabu cha Vina au cha Masimulizi? Kuchagua Kitabu cha Wanyama Watundu kwa Mtoto wa Chekechea

Vitabu vya picha vinavyosimulia marafiki wanyama watundu huja kwa namna kuu mbili. Kuna kilichoandikwa kwa vina tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: mistari mifupi, beti, mapigo. Na kuna kinachosimulia kwa lugha ya kawaida, chenye mazungumzo, na mara nyingi kiitikio kimoja kinachojirudia. Ukivitazama picha tu, unaweza usione tofauti. Vyote vina ngedere anayening'inia, mbuzi aliyeduwaa na kitu kilichomwagika. Tofauti inaanza unapofungua mdomo kusoma, na kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano ambaye bado hajajua kusoma, kitabu ndicho hicho anachokisikia.

Mimi hufundisha watoto wa umri huo, na nina upande wangu: nikiwa nimezungukwa na kundi zima mkekani, nachukua cha vina. Lakini si kila cha vina kinastahili kuchukuliwa, na ziko nyakati ambapo cha masimulizi kinakishinda waziwazi.

Tukio moja, kalamu tatu

Chukua tukio dogo. Ngedere amepanda mtini na ndoo, Mbuzi amesimama chini, ndoo inaanguka. Hivi ndivyo mwandishi wa vina anayejua kazi yake angeweza kuliandika:

*Ngedere kapanda juu,*
*Mbuzi kabakia chini,*
*Ndoo ikashuka, puu!*
*Ikamvaa kichwani.*

Hesabu mizani, yaani silabi za mstari: kila mstari una minane. Vina vinapishana, juu na puu, chini na kichwani. Ulimi haukwami popote. Ukisoma mara ya pili, mtoto wa miaka minne atakuwa ameshalisubiri lile "puu" na atalitamka kabla yako.

Sasa tazama tukio hilohilo kwa namna nyingine, ambayo kwa bahati mbaya hupatikana sana:

*Ngedere alikwenda juu sana mtini,*
*Na Mbuzi yeye alikuwa amesimama pale chini,*
*Ndoo ya maji ikaanguka ghafla kutoka mkononi,*
*Naye Mbuzi akalowa maji yote mwilini.*

Jaladani kitaitwa kitabu cha vina, na kweli vina vipo: ni, ni, ni, ni. Ila mizani ni kumi na minne, kumi na minane, kumi na tisa, kumi na mitano. Msomaji anaukimbiza mstari wa tatu ili ufike, kisha anavuta pumzi kwenye wa nne. Isitoshe, vina vyenyewe ni vya bure. Lugha yetu inamaliza maneno kwa irabu na kuyabandika viambishi vilevile, hivyo mtini, chini, mkononi na mwilini vinafanana bila mwandishi kutoa jasho. Mtoto hapati cha kubahatisha, kwa sababu karibu neno lolote la mahali lingefaa pale.

Na huyu hapa wa masimulizi:

*Ngedere alipanda mtini na ndoo ya maji.*
*"Ngedere," Mbuzi akaita, "unafanya nini huko juu?"*
*"Mimi? Sifanyi kitu!"*
*Ndoo ikaanza kuinama.*

Hakuna kina hata kimoja, lakini "Sifanyi kitu!" itarudi kila baada ya kurasa mbili, na kila mara picha itakuwa inaonyesha kinyume chake. Watoto wataanza kupiga kelele, "Muongo! Anafanya!" Nao watakuwa wametambua jambo zito kwa umri wao, kwamba anachosema mtu na anachofanya vinaweza kupishana, na kwamba wao waliokaa mkekani wanajua asichokijua Mbuzi.

Nikiviweka vitatu hivyo mezani, cha kwanza na cha tatu nitavigombea. Cha pili nitakirudisha kwenye rafu hata kama picha zake zinang'aa. Vina vilivyolegea ni vibaya kuliko kutokuwa na vina kabisa, kwa sababu vimemnyima mtoto lugha ya asili ya mazungumzo na havikumpa mapigo kama malipo.

Vitabu vilivyotafsiriwa kutoka lugha nyingine ndivyo vya kuchunguzwa zaidi hapa. Mfasiri wa masimulizi ana nafasi ya kutosha. Mfasiri wa vina hana budi kuubomoa ubeti na kuujenga upya, na asiyethubutu huishia kubana maana ya asili ndani ya mistari mirefu inayogongana mwishoni. Dalili yake huonekana haraka: mistari ya urefu tofauti, majina ya wanyama yanayokataa kuingia kwenye mapigo, na maneno ya kujazia kama "sana", "pale", "yeye" yaliyopachikwa ili kupata silabi. Ukiyaona hayo kwenye kurasa tatu za mwanzo, usitumaini kwamba mbele kutakuwa afadhali.

Sikio la mtoto linapata nini

Wengi hudhani vina ni mapambo. Kwa mtoto wa chekechea vina kazi kubwa zaidi. Mwaka 1983 watafiti Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka minne na mitano. Waliona kwamba uwezo wa mtoto kutambua maneno yanayofanana sauti, kabla hajaanza kusoma, ulihusiana na jinsi alivyokuja kusoma na kuandika baadaye. Watoto wale walikuwa wakizungumza Kiingereza, na vina vya lugha ile havifanyi kazi sawasawa na vyetu. Hata hivyo, msingi ni ule ule: anayesikia kwamba "juu" na "puu" zinashiriki kipande kimoja ameanza kulivunja neno vipande, na kusoma ni kujua vipande hivyo. Katika Kiswahili kipande hicho ni silabi, ambayo ndiyo hasa atakayofundishwa atakapoanza ba, be, bi, bo, bu.

Utafiti mwingine unasaidia kutenganisha kitabu kizuri cha vina na kibaya. Mwaka 2014 Kirsten Read aliwasomea watoto wa miaka miwili hadi minne beti zenye majina mapya ya mazimwi ya kubuni. Walioyashika majina hayo vizuri zaidi ni waliosikia jina likija mwishoni mwa ubeti, mahali ambapo kina kilishawaandaa kulitarajia na sifa za zimwi zilikuwa zimeshatajwa. Wazazi waliposoma wenyewe, wengi walitua kidogo kabla ya kulitamka jina, na kwa watoto wao faida ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo unapofungua kitabu, angalia neno gani limekaa mwishoni mwa ubeti. Kama ni neno lenye uzito, jina la mnyama, kitendo cha kuchekesha, mlio, kitabu kimekupa pa kutua. Kama ni kila mara "sana", "tena" au "hapo", kina kimetumika kufunga mstari basi.

Kuna pia suala la kurudia. Mtoto wa umri huu hukuletea kitabu kilekile jioni baada ya jioni, na ana haki. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosikia hadithi zilezile zikirudiwa walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosikia hadithi tofauti zenye maneno hayohayo. Hapo vyote viwili vinafaa, ila cha vina kinarudika kwa urahisi zaidi kwa upande wa msomaji. Beti zilizopigwa vizuri hazimchoshi mtu mzima upesi. Na baada ya marudio kadhaa unakuta mtoto amekikamata peke yake, anafungua kurasa na kughani, kidole kikitembea chini ya mistari. Hasomi bado, lakini ameshajua kwamba maandishi husema jambo lilelile kila yanapofunguliwa, na kwamba kila picha ina maneno yake. Kwa kitabu cha masimulizi hilo huja taratibu, na kwa kawaida atakariri kiitikio tu, mengine akayabuni. Kubuni nako kuzuri, wala simkatazi.

Pale masimulizi yanaposhinda

Vina vina haraka. Ukishaanza ubeti lazima uumalize, la sivyo mapigo yanakufa. Kwa hiyo kitabu cha vina hakipendi kukatizwa, na mtoto mwenye maswali ni wa kukatiza. "Kwa nini Mbuzi halii?" "Maji yalikuwa baridi?" Katika masimulizi unasimama, mnaongea, mnarudi kwenye hadithi bila hasara. Kama mtoto wako ni wa maswali mengi, au unataka kumzoesha aliye mkimya kuzungumza juu ya anachokiona, masimulizi yatakufaa zaidi.

La pili ni hisia. Utundu baina ya marafiki una pande mbili, aliyefanya na aliyefanyiwa. Mbuzi aliyelowa ana la kusema. Labda amechekeshwa, labda ameudhika, labda amecheka mdomoni na moyoni ameumia. Mistari ya mizani minane inabana sana kwa mambo kama hayo. Nimeona vitabu vya vina ambamo rafiki anafanyiwa vituko kurasa zote na hapewi hata ubeti mmoja wa kujibu, na kicheko kinapoisha mtoto mmoja mkekani amenyamaza kwa sababu yeye ndiye huwa Mbuzi darasani. Mwandishi hodari wa vina hulitatua hilo kwa picha, kwa uso wa Mbuzi unaobadilika, au kwa ubeti mmoja wa polepole katikati ya mbio. Utafute ubeti huo kabla hujanunua.

Utundu wa namna gani, na unaishaje

Hapa ndipo ningependa wazazi watumie muda mwingi kuliko wanavyotumia kwenye rangi za jalada.

Kwanza, tenga utundu wa udadisi na utundu wa kudhuru. Ngedere anayevaa kofia za wenzake, anayechora madoadoa kwenye mgongo wa punda, anayejificha mkutano ukianza, huyo mtoto anamwelewa na kumpenda. Anayemfungia rafiki kabatini, anayechezea moto au kumeza vidonge vya mkubwa ni jambo jingine, hata kwa vina vitamu. Na vina vitamu ndivyo vya hatari zaidi kwa hili, maana hukaririwa. Kitendo kilichomo ndani ya ubeti mzuri mtoto anatembea nacho kutwa nzima. Katika masimulizi kitendo hichohicho kingezungukwa na maelezo, mtu akashtuka, mtu akasema "hapana".

Pili, mwisho. Vitabu vingi vya utundu huishia kwa mtundu kupatwa na msiba au kukemewa na mnyama mkubwa. Wakubwa tunaupenda mwisho huo kwa sababu unatuliza dhamiri zetu. Ila mwaka 2014 Kang Lee na wenzake nchini Kanada walijaribu hadithi kongwe zinazohusu uongo kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Hadithi ambazo muongo anaadhibiwa hazikuwafanya watoto waseme ukweli zaidi. Iliyofanya hivyo ni ile ambayo aliyesema ukweli alisifiwa. Nikiwa na vitabu viwili vinavyolingana kwa mapigo na picha, nachagua kile ambacho Ngedere anarudi na taulo, anasaidia kufuta, na Mbuzi anamkaribisha tena mchezoni. Kile ambacho simba anatokea ukurasa wa mwisho kumnyooshea kidole nakiacha. Huyo simba mara nyingi hakuwemo kwenye hadithi yote iliyotangulia, na mtoto anajua.

Jihadhari pia na ubeti wa mwisho unaogeuka mahubiri: "Watoto muwe na adabu..." Mwandishi aliyekuwa akicheza nao kurasa thelathini anavua kofia ya mchezo ghafla. Vitabu vya vina vina ugonjwa huu kuliko vya masimulizi, kwa kuwa ubeti mmoja wa nasaha ni rahisi kuubandika.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Utafiti wa Patricia Ganea na wenzake huko Toronto, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2017, uliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi moja ya kugawana kwa namna mbili, wahusika wakiwa watu na wahusika wakiwa wanyama waliovalishwa nguo. Waliosomewa ya watu waligawa vibandiko vyao zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa ya wanyama hawakugawa zaidi. Kwa hiyo kama lengo lako hasa ni kumfundisha mtoto tabia fulani, kitabu cha wanyama watundu, kiwe cha vina au cha masimulizi, huenda si chombo chake. Tafuta chenye watoto kama yeye. Cha wanyama kichague kwa lugha, kicheko na urafiki, na hayo peke yake ni mengi mno kwa mtoto wa miaka minne.

Marafiki wangapi, picha za namna gani

Wawili au watatu kwa kitabu cha vina. Kila mnyama akiongezeka anahitaji beti zake, na jina refu huvuruga mizani. Ngedere na Mbuzi wanaingia kwenye mstari wa minane bila kusukumana, lakini mwenye silabi sita anaula mstari karibu wote. Kundi la wanyama saba linakaa vizuri zaidi katika masimulizi, au katika kitabu cha vina cha mtindo wa kuongeza mmoja mmoja, ambapo kila ukurasa analetwa mgeni na orodha inarudiwa. Mtindo huo watoto wa miaka mitano huupenda sana. Wa miaka mitatu hupotea njiani.

Picha zipime kwa swali moja: zinasema kitu ambacho maneno hayajasema? Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za uchapaji hukunjwa kwa mafungu ya kurasa nane au kumi na sita. Ukiondoa za mwanzo zenye jina na haki za uchapaji, mwandishi anabakiwa na mafunuo, yaani kurasa mbili zinazotazamana, kama kumi na manne. Mchoraji mzuri hutumia kila funuo kuficha jambo: panya anayeshuhudia yote pembeni, ndoo inayoonekana ukurasa wa tatu kabla haijaanguka ukurasa wa saba. Katika kitabu cha vina tazama hasa ubeti umekatiwa wapi. Mkato mzuri unaacha neno la kina upande wa pili wa karatasi. "Ndoo ikashuka..." unafungua, "puu!" Ubeti uliobanwa wote chini ya picha inayoonyesha ndoo tayari kichwani umeshatoboa siri.

Maandishi yaliyopindishwa kufuata mkia wa mnyama yanapendeza dukani na kumchosha msomaji usiku. Basi.

Kwa mtoto yupi

Mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu: cha vina, kifupi, mistari miwili au minne kwa funuo, milio mingi kama puu na chubwi. Chukua chenye kurasa ngumu za kadibodi ikiwa kipo, maana atakitafuna kona na kukikanyaga, na karatasi nyembamba haitafika mwisho wa mwezi. Wa miaka minne: hapa vyote viwili, na kama bajeti inaruhusu kimoja tu, cha vina kikiwa na mizani kamili, la sivyo cha masimulizi chenye kiitikio. Wa miaka mitano anayekaribia kuanza kusoma: cha vina tena, kwa sababu ataukuta mstari anaoujua kwa moyo na kugundua kwamba anaweza kuufuata kwa macho. Kwa huyo hakikisha herufi ni kubwa, za kawaida, na mistari haijapita juu ya picha yenye rangi nzito.

Mtoto mwenye kigugumizi, au anayechelewa kuzungumza, mara nyingi hufurahia sana vina vinavyosomwa kwa pamoja, kwa kuwa mapigo humbeba na hasimamishwi peke yake mbele ya wenzake. Msome naye sauti moja, usimwachie neno la mwisho mpaka alichukue mwenyewe. Na yule anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili nyumbani mwanzishie masimulizi. Beti za Kiswahili hupenda vifupisho kama "kapanda" badala ya "alipanda", na kugeuza mpangilio wa maneno ili kina kipatikane, mambo ambayo mzawa huyasikia bila shida na mgeni humchanganya.

Kabla ya kulipa, soma mafunuo mawili kwa sauti ya kusikika hapo hapo dukani, moja la mwanzo na moja la katikati. Usisome kimya, kwa sababu jicho husamehe mstari mrefu na ulimi hausamehi. Ukijikwaa mahali pamoja mara mbili, rudisha. Kama ni cha darasa zima na kimepita mtihani huo, chukua nakala mbili: moja ya kusomea mbele ya wote, nyingine ya kuachwa kwenye kikapu ambapo mikono ya watoto itafika.